Kabla Hujapiga Windows Upya

Kwetu mtu akilalamika kuwa kompyuta yake imekuwa nzito, jibu analipata kabla hajamaliza kueleza: piga Windows. Inachelewa kuwaka, piga Windows. Inaganda ukifungua Word, piga Windows. Fundi anachomeka flashi yake, anafuta kila kitu, anaweka mfumo upya, na kwa wiki kadhaa mashine inakimbia. Kisha uzito unarudi. Hapo katikati picha za harusi zimekwenda, mitihani ya muhula uliopita imekwenda, na hesabu za duka ambazo hazikuwa na nakala popote nazo zimekwenda.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Kwa kuwa ndiye ninayeangalia chumba cha kompyuta shuleni, walimu wenzangu na majirani huniletea mashine zao. Nyingi ni za mtumba, zimetoka Ulaya au zimepitia Dubai, zina RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka. Mwenye mashine hiyo anaendeshea duka, anaandikia tasnifu, anatunzia kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa. Huwezi kumwambia anunue mpya wakati ada ya watoto bado haijakamilika. Kwa hiyo suala la kuifanya kompyuta ya zamani iendelee kufanya kazi vizuri nalichukulia kwa uzito. Ninachoamini ni kwamba zana bora za kuitunza ni zile zinazokuonyesha tatizo liko wapi, na karibu zote unazo tayari au unazipata bure. Zile zinazoahidi kuongeza kasi kwa kubofya mara moja, mara nyingi nazikuta zikiwa sehemu ya ugonjwa.

Anza na Task Manager. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka. Programu hii iliingia katika Windows NT 4.0 mwaka 1996. Aliyeiandika ni Dave Plummer, mhandisi wa Microsoft, na aliianza nyumbani kwake kwa muda wake mwenyewe. Wengi tunaijua kama mahali pa kuua programu iliyoganda, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Juu ya orodha kuna safu za CPU (prosesa), Memory (RAM), Disk na Network (mtandao). Bofya kichwa cha safu yoyote, programu zitajipanga upya na anayekula zaidi atapanda juu. Iache wazi dakika mbili tatu huku ukiendelea na kazi ya kawaida. Usiguse chochote bado. Tazama tu ni safu ipi inayokolea rangi.

Kuna mama mmoja jirani yetu ana duka la steshenari, anachapia watu barua na kutoa nakala. Aliniletea laptopu akasema, "Mwalimu, fundi ameshaipiga Windows zaidi ya mara moja, nimechoka, wateja wananikimbia." Nikamwambia, "Mama, tuiwashe kwanza tuione." Ilipowaka, CPU ilikuwa chini ya asilimia kumi. RAM ilikuwa na nafasi. Disk ilikuwa asilimia mia na haishuki. Nikabofya safu ya Disk, na juu kabisa zikaja antivirusi mbili za kampuni tofauti, kila moja ikikagua mafaili ambayo mwenzake ameyafungua ili kuyakagua, na chini yao programu moja ya "kuongeza kasi" ambayo hata yeye hakukumbuka iliingiaje.

Tungeweza kuishia hapo, tuondoe mbili na kubaki na moja. Lakini nilifungua ukurasa wa Performance, nikachagua diski, nikatazama namba ambayo watu hawaitazami: wastani wa muda wa kujibu. Diski yenye afya, hata ikiwa na kazi nyingi, hujibu ndani ya milisekunde makumi. Hii ilikuwa inafika maelfu. Ni ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika, aina iliyojaa kwenye laptopu za mtumba, na ukipiga hesabu utaona kwa nini hata ikiwa na afya ni kobe: inazunguka mara 90 kwa sekunde, hivyo kwa wastani kichwa cha kusomea kinangoja nusu mzunguko, yaani zaidi kidogo ya milisekunde 5, juu ya muda wa kukisogeza chenyewe kwenda mahali panapotakiwa. Jumlisha vyote, unapata kazi ndogondogo zisizofika mia kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, inafanya makumi ya maelfu. Ndiyo maana antivirusi moja inaweza kuiziba mashine ya zamani kabisa huku CPU ikiwa haina kazi.

Lakini maelfu ya milisekunde hayaelezeki kwa mzunguko. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure kutoka Japani inayosoma taarifa ambazo diski yenyewe inajiandikia kuhusu afya yake. Rangi ya buluu maana yake salama, njano tahadhari, nyekundu hatari. Yake ilikuwa njano. Mstari wa 05 unahesabu sehemu za diski zilizokufa na kuhamishiwa kwenye akiba, na mstari wa C5 unahesabu zile zinazoyumba, bado hazijaamuliwa. Yote miwili haikuwa sifuri. Ukisoma hapo kumbuka kuwa namba zinaandikwa kwa mfumo wa kihesabu wa kumi na sita, kwa hiyo usishtuke ukiona herufi.

Sasa fikiria: mashine ile imepigwa Windows zaidi ya mara moja juu ya diski inayokufa. Kila mara mfumo mpya uliandikwa juu ya sehemu ambazo bado zina afya, mashine ikachangamka kwa muda, kisha mafaili yakaanza kuangukia penye ubovu. Hakuna Windows itakayotibu chuma. Na jambo ambalo ningependa kila fundi alishike: ukiona njano au nyekundu, kazi ya kwanza ni kunakili mafaili ya mwenye mashine kwenda nje, kabla ya chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), kabla ya kufomati, kabla ya chochote. Ukiiamuru chkdsk ikague diski nzima sehemu kwa sehemu, unaichosha diski iliyokwisha choka, na inaweza kuzima mikononi mwako. Tulitoa barua na hesabu zake kwanza, usiku mzima, kwa sababu ilikuwa ikisoma kwa kusuasua. Kesho yake tukaweka SSD ndogo. Laptopu hiyo mpaka leo inachapa barua dukani.

SSD ndiyo dawa kubwa kuliko zote kwa kompyuta ya zamani, kuliko programu yoyote utakayopakua. Nimeona mashine za miaka kumi zikirudi kazini kwa sababu hiyo moja.

Baada ya diski, kinachofuata ni vitu vinavyojiwasha. Ndani ya Task Manager kuna ukurasa wa Startup unaoorodhesha programu zinazoanza pamoja na Windows na kukueleza kila moja ina uzito gani. Zima zile usizozihitaji asubuhi: kicheza muziki, programu ya mikutano unayoitumia mara moja kwa mwezi, msaidizi wa printa uliyokwisha iuza. Kuzima hapo hakuifuti programu, ukiihitaji utaifungua mwenyewe. Orodha hiyo lakini haionyeshi yote. Kuna Autoruns, ya bure, inapatikana kwenye tovuti ya Microsoft, nayo inachimba kila pembe ambamo programu inaweza kujificha ili ijiwashe. Ilitoka Sysinternals, mkusanyo wa zana za Windows, kazi ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell walioianza mwaka 1996, na Microsoft ikainunua mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla ya hapo Russinovich alikuwa akikagua kompyuta yake mwenyewe kwa zana zao, akakuta programu iliyojificha ndani ya Windows, iliyowekwa na CD ya muziki ya Sony BMG bila mwenye kompyuta kuelezwa. Alichapisha aliyoyaona tarehe 31 Oktoba 2005, na kampuni ikalazimika kuziondoa CD hizo sokoni. Kwangu huo ndio mfano mzuri wa thamani ya zana inayoonyesha. Hakuwa na programu ya kusafisha, alikuwa na programu ya kuonea.

Nije kwenye ibada ya mafundi, nadhani kila aliyepita kwenye kikao cha kompyuta anaijua: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika temp, futa vyote, andika %temp%, futa vyote, andika prefetch, futa vyote. Mbili za mwanzo sina ugomvi nazo. Ni folda za mafaili ya muda, mengi yamebaki baada ya usakinishaji, na yanayotumika wakati huo yatakataa kufutika. Ya tatu naomba tuiache. Prefetch imekuwepo tangu Windows XP ya mwaka 2001, na ndani yake Windows inaandika kila programu ikianza inahitaji vipande gani vya diski, ili safari ijayo ivitayarishe mapema. Ukiifuta, programu zako zote zinaanza kwa kubahatisha tena hadi rekodi zijengeke upya. Folda yenyewe ni ndogo na Windows huipunguza yenyewe. Unafuta kitu kilichowekwa makusudi kukuharakishia.

Ugonjwa huohuo uko kwenye programu za "kusafisha RAM". Unabofya, mzunguko wa kijani unazunguka, unaambiwa GB moja na nusu imepatikana. Kilichotokea ni kwamba programu zako zimesukumwa kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski, na ukirudi kwenye Word mashine inaanza kuzivuta tena kutoka kwenye diski ileile ya kobe. Windows hutumia RAM iliyo wazi kutunzia vitu unavyovifungua mara kwa mara, na huiachia papo hapo programu nyingine ikiihitaji. RAM iliyokaa bure haikusaidii chochote.

Rejistri nayo. Ni hifadhidata ya mipangilio ya Windows, ina maingizo mengi mno, na programu za kuisafisha zinakuonyesha "makosa" mia saba na kitufe chekundu. Kuondoa maingizo mia kadhaa yaliyosahaulika hakubadilishi kasi unayoweza kuihisi, wakati kuondoa moja lisilo lake kunaweza kuiangusha programu nzima. Microsoft yenyewe iliwahi kuwa na programu ya namna hiyo miaka ya tisini, ikaiacha, na leo inaeleza wazi kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejistri.

Na kuna suala la kuaminiana. Programu ya kusafisha unaipa ruhusa ya kugusa kila kitu. Mwaka 2017 wavamizi waliingia katika mitambo ya watengenezaji wa CCleaner, programu ya usafi maarufu kuliko zote, wakapandikiza virusi ndani ya toleo la 5.33 lililosambazwa kupitia njia rasmi kati ya tarehe 15 Agosti na 12 Septemba. Kompyuta takriban milioni 2.27 zilipokea toleo hilo. Watu hao hawakupakua kitu cha wizi. Walifuata maelekezo yote, na saini ya kidijitali ilikuwa sahihi. Sisemi kwamba CCleaner ya leo ni hatari. Ninachosema ni kwamba kila programu unayoiongeza ni mlango mmoja zaidi, kwa hiyo iwe na sababu ya kuwepo.

Lingine limeniuma zaidi. Machi 2019, kampuni mbili za Marekani, Office Depot yenye maduka ya vifaa vya ofisi na Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kwa tume ya biashara ya serikali ya nchi hiyo, FTC. Kwenye maduka ya Office Depot walikuwa wakikagua kompyuta za wateja bure kwa programu iliyoanza na maswali manne: je, mashine yako ni nzito, inapata matangazo yanayojitokeza, na kadhalika. Kwa mujibu wa tume, ukijibu ndiyo hata swali moja, matokeo yangesema kuna dalili za virusi, chochote kile ukaguzi ulichokikuta. Baada ya hapo unauziwa matengenezo. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba kompyuta imemwandikia ina matatizo 1,243 na anatakiwa kulipa, mwambie asilipe. Hesabu hiyo aliiandika mwenye kuuza.

Kitu kimoja kidogo ambacho kinanisikitisha kwa jinsi kilivyo rahisi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua "Shut down" mashine nyingi hazizimi mzima mzima: kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo mtu anazima kila jioni, kumbe Windows yake ina wiki tatu haijaanza upya. Nenda kwenye Task Manager, ukurasa wa Performance, CPU, tazama palipoandikwa "Up time". Ukikuta siku kumi na tisa, chagua "Restart" kabla hujatafuta mchawi. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Nafasi ikiisha kwenye diski, usianze kufuta kwa kukisia. WinDirStat, ya bure, au WizTree, ya bure kwa matumizi binafsi, zinachora diski yako kwa mistatili ya rangi, faili kubwa mstatili mkubwa, na macho yanaona mara moja mlaji ni nani. Mchoro huo aliubuni Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1990, kwa sababu diski ya MB 80 ambayo maabara yao ilikuwa ikishirikiana ilijaa na hakuna aliyejua nani kaijaza. Mara nyingi mimi hukuta video za WhatsApp, folda ya Downloads, na folda iitwayo Windows.old. Hiyo ya mwisho ifungue kabla hujaifuta. Kama fundi alipiga Windows bila kufomati, na mfumo haujaifuta wenyewe, ndani yake kuna folda ya Users yenye mafaili ya zamani. Mwalimu mwenzangu alizikuta humo picha za marehemu mama yake, ambazo alishaambiwa zimepotea. Alikaa kimya muda mrefu akizipitia moja moja, nami nikatoka nje nikamwacha.

Flashi ni habari yake. Yeyote aliyechapisha kitu steshenari amekutana nayo: unachomeka flashi, mafaili yote yamegeuka shotikati, ukibofya moja unakuwa umewasha virusi mwenyewe. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Safisha kompyuta kwanza kwa kuikagua yote na Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, maana ukianza na flashi itaambukizwa tena ndani ya sekunde chache. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu Enter. Mafaili yatarudi kuonekana, nawe futa shotikati. Na usiamini maelekezo ya kuzima Defender ili programu ya kuwezesha Windows ya wizi ipite. Ukifungua mlango huo mara moja, hujui nani mwingine ameingia.

Kwa sisi tunaotumia bando, kuna mpangilio mmoja wa kuzima leo. Ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update, kuna "Delivery Optimization", inayoweza kuruhusu kompyuta yako kuwatumia wengine kwenye intaneti vipande vya masasisho. Unaponunua data kwa simu, hapo unachangia wasiokujua kwa hela yako. Zima, au bakiza mtandao wa ndani tu: shuleni tunaiacha hivyo ili mashine moja ipakue na nyingine zichukue kwake. Na kwenye mtandao wa simu, weka alama kwamba ni muunganisho wa kulipia ("Metered connection"), Windows itapunguza kupakua bila kukuuliza.

Sasisho lenyewe lakini msilikwepe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia kizazi cha nane. Mashine nyingi tulizonazo hazifiki hapo. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na njia mojawapo ya kujiandikisha haina malipo ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukakubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Fanyeni hivyo.

Kwa mashine ambazo hazitavuka, shuleni tumeanza kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ina LibreOffice ndani, programu za ofisi kama Word na Excel, na mashine za GB 4 zinaibeba vizuri kwa kazi za darasani. Tatizo ni programu zisizo na toleo la Linux, hasa za uhasibu, na baadhi ya printa ambazo madereva yake yanasumbua. Kwa hiyo usifute kitu kwanza. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutokea hapo bila kusakinisha, unganisha Wi-Fi, chomeka printa, fungua faili lako moja la Word lenye majedwali, lichapishe. Ukurasa ukitoka sawasawa, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje ndipo usakinishe. Usipotoka, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta kama ulivyoiacha.